Mbwa wa Kiswahili

Nilikuwa nimechoka na mbwa. Tulikuwa nao watatu katika ua wetu mdogo wa Gihundwe, ng'ambo ya mpaka na Kongo, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini niliwasongea sufuria ya ugali na vichwa vya sambaza, dagaa wa ziwani, huku mama yangu akiniuliza mimi ni nani na naondoka lini.

Wa kwanza, berje mkubwa, mbwa wa ulinzi wa Kizungu, nilimnunua mwenyewe baada ya wezi kuruka ukuta. Anakula kama fundi ujenzi. Wa pili, mweupe mwenye manyoya mpaka machoni, aliletwa na mdogo wangu anayefanya biashara Bukavu, ati amliwaze mama. Mvua ikinyesha anatetemeka, na bila maziwa hali. Hao wawili tulisema nao Kifaransa, kama ilivyo desturi yetu sisi tuliokulia Kongo: mbwa wa kununua huamrishwa kwa Kifaransa, hata na mtu kama mimi ambaye changu ni cha kubabaisha. Wa tatu alikuwa wa kienyeji, wa rangi ya udongo, tuliyepewa bure kijijini Mibirizi. Huyo alipata Kiswahili, tena cha kufokewa. Halindi chochote. Ukimtembeza, akichoka anajilaza njiani, na hanyanyuki mpaka apende.

Tangu ugonjwa wa kusahau umwingie mama, Kifaransa chake kilipotea chote, kikabaki Kiswahili. Berje na mweupe hawakumsikiliza tena. Kazi yangu kubwa ikawa kuhakikisha hapiti geti, maana kila siku alitaka kurudi Bukavu, kwenye nyumba tuliyoiacha zamani. Nyumba yenyewe ilishabomolewa.

"Yaya, dada yangu, utakufa na hizi imbwa," mdogo wangu aliniambia. "Bakiza moja."

Nilikubali. Tulipanga berje abaki, mweupe arudi naye Bukavu, na yule wa udongo arudishwe Mibirizi Jumamosi. Sikuona cha kujadili.

Ijumaa mchana nilirudi nikakuta geti wazi. Berje alikuwa amekaa pale pale, akimbwekea kila mpita njia. Watu wa ndani wakitoka, hilo halimhusu. Mweupe alikuwa amelala chini ya kiti cha mama, na kiti kilikuwa kitupu. Nilitoka mbio kuuliza. Jirani alisema amemwona mama akiteremka njia ya mpakani, akimwita mbwa: "Kuya, twende kwetu." Bila shaka aliwaita wote. Aliyeelewa ni mmoja.

Nilidaka pikipiki. Nilimkuta karibu kabisa na mpaka, ameketi kwenye majani kando ya barabara, viatu amevivua. Mbwa wa udongo alikuwa amejilaza mbele yake, kidevu juu ya miguu ya mama, kwa uvivu wake ule ule ulionichosha miaka yote.

Nilitaka kulia, nilitaka kufoka. Vyote vilihitaji nguvu. Nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia kesho atakayekwenda Mibirizi ni berje. Halafu nikaketi.

"Imbwa ilichoka," mama alinieleza kwa upole. "Ninangoya iamuke, tuende." Akanitazama vizuri. "Na weye, maman, unangoya nani?"

"Na mie ninangoya imbwa," nikamjibu.

Akasogea kidogo, akanipa nafasi.