Mjomba wa Kwenye Simu ya Mama

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa kesho unakwenda Mtinko na kishikwambi chako kuwahoji watoto habari za mitandao, nakusimulia leo. Kazi hiyo niliwahi kuifanya. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, najiona najua. Simu za kupangusa ndiyo kwanza zinaingia vijijini, nami nikaajiriwa kuwauliza watoto kama wanaelewa hatari zake.

Nilikuwa na dodoso la karatasi na haraka nyingi. Nilitaka kumaliza kaya nyingi kuliko wenzangu, nisifiwe. Alhamisi moja, karibu na Mkiwa, nikamkuta bibi mmoja anapiga alizeti uani na mjukuu wake Salome, mtoto wa darasa la sita. Salome akaniamkia, akasimama wima kama yuko mbele ya mwalimu mkuu.

"Huwa unaongea na watu usiowajua kwenye simu?"

"Hapana."

"Mtu usiyemjua akitaka mkutane, utakwenda?"

"Hapana, siendi."

Nikatia tiki, nikaandika pembeni kwamba anaelewa vizuri sana, nikafunga begi.

"Umeshamaliza?" bibi akaniuliza bila kunitazama.

"Ndiyo, bibi."

"Mtoto umemsimamisha kama mwizi, amekujibu unachotaka. Hapo umejua nini? Chukua fimbo, kaa."

Niliudhika, usidhani sikuudhika. Lakini mkubwa akisema kaa, huku kwetu unakaa. Nikapiga alizeti mpaka viganja vikaniwaka. Salome naye akaanza kuzungumza, kwanza habari za shule, kisha habari za mjomba. Mjomba yupi? Wa kwenye simu ya mama, ile inayobaki nyumbani. Kila akitoka shule anamwandikia shikamoo, naye anajibu marahaba mwanangu, anamwuliza kama amekula. Jumamosi watakutana pale njia panda ya Mkiwa, amnunulie viatu vya shule.

Nikaweka fimbo chini. "Salome, si umeniambia huongei na watu usiowajua?"

Akanishangaa. "Huyu namjua. Ananiitikia kila siku."

Hakunidanganya, mwanangu. Ndivyo tulivyowalea: mtu mzima akikuitikia salamu na kukuita mwanangu, huyo ni wako. Swali langu ndilo lililokuwa bovu.

Nilifungua mdomo nimkaripie, bibi akanikata jicho. Akamwambia mjukuu wake kwa upole, "Mpigie huyo mjomba. Mwambie bibi anataka kumsalimu."

Salome akapiga. Alipomtaja bibi tu, simu ikakatwa. Akapiga tena, haikupokelewa. Mara ya tatu ikawa haipatikani kabisa. Mtoto akalia, na si kwa woga. Alikuwa amempenda yule mtu. Bibi akamvuta karibu, hakumlaumu hata kidogo. Jioni ile tuliipeleka namba polisi, na Jumamosi Salome alishinda nyumbani.

Sasa nisikilize. Ukifika usianze na dodoso. Kaa, shika kazi wanayoifanya. Mtoto usimwulize kama anaongea na asiowajua. Mwulize ni nani humwandikia, anamwita nani, waliwahi kuonana wapi. Akikuambia jambo la kukutisha, usimfokee, maana hatakuambia tena, wala hatamwambia mwingine. Na usiondoke mpaka umempata mtu mzima wake mwenye moyo mtulivu, umwachie hilo jambo mikononi.

Lipo moja sijakuambia. Kabla ya kufika kwa yule bibi nilikuwa nimepita nyumba nyingi wiki ile, na kote nilitia tiki zilezile nikiwa nimesimama. Niliomba nirudi. Nikaambiwa muda umeisha, nami nikakubali. Wale watoto sijui walikwenda kukutana na nani, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wewe wakikuambia muda umeisha, rudi hivyohivyo. Mungu akutangulie, mwanangu, awalinde wote utakaowakuta, na akurudishe nyumbani na amani niliyoikosa mimi.