Walichomwandikia Mama Chini ya Mdomo

Hasira ile bado ninayo, na sina mpango wa kuipoza.

Papa hasikii. Bomu lilipasuka karibu na nyumba yetu ya kijijini Ngungu, tukakimbia, yeye akafika hapa ugenini bila masikio. Alifundisha Kifaransa maisha yake yote, kwa hiyo nilipopata kompyuta nilimwekea maandishi ya chini katika kila kipindi. Akawa anaisoma televisheni kama alivyosoma daftari za wanafunzi wake, kasoro kalamu nyekundu.

Siku moja watu wa televisheni walikuja na kamera. Mama alijifunga kikwembe, kitenge chake kizuri, akasema, nami nimesimama pale pale: "Miye siombe chakula. Niko mulimaji. Munirudishie shamba yangu." Hakuongeza neno.

Kipindi kilipotoka tulikaa watatu mbele ya kompyuta. Mama akatokea, akafungua mdomo, na chini yake yakapita maneno ya Kifaransa: tuna njaa, mtusaidie chakula.

Papa akamgeukia. "Mama, kumbe ulienda kuomba unga mbele ya dunia nzima?"

Mama akatikisa kichwa, akaonyesha mdomo wake, akaonyesha kioo. Bure. Kwa Papa kilichoandikwa kimeandikwa. Ndivyo alivyotufundisha darasani na nyumbani. Mwanamke aliyelima mlima mzima kwa jembe, asiyeomba hata chumvi kwa jirani, sasa mume wake anamtazama kama mtu wa kunyoosha bakuli. Mama akaanza kulia.

Nilichemka. Nani aliwapa ruhusa? Walisikia shamba wakaandika njaa, maana kwao mkimbizi ana tumbo tu, hana udongo. Akutukanaye hakuchagulii tusi, najua. Lakini hawa walimtukana mama yangu kwa mdomo wake mwenyewe, halafu wakamtuma mume wake amsomee.

Nilibonyeza kila kitu ili yale maandishi yatoke. Yalikataa; safari hii walikuwa wameyashonea ndani ya picha. Basi nikamvua Mama kikwembe alichojitupia mabegani, nikakikunja, nikafunika nacho sehemu ya chini ya kioo. Nikarudisha kipindi nyuma, nikamgusa Papa bega, nikamwonyesha midomo ya Mama.

Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Midomo yake ikaanza kufuata ya Mama, polepole.

"Shamba," akasema. Halafu, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia: "Shamba yangu."

Akamshika Mama mkono. Kwa mzee kama yule, huko ndiko kuomba msamaha. Mimi nikadhani tumemaliza.

Mama alijifuta uso, akachukua kikwembe chake. Yale maneno yakarudi pale pale chini ya kidevu chake.

"Na bale bantu bengine ba dunia nzima," akaniuliza, "utabafunikia na kikwembe gani?"