Mbwa Tuliyemchagua Vibaya

Debe tupu la mafuta ya kupikia, likining'inizwa kwa kamba ya katani na kupigwa kwa kipande cha nondo, lina sauti ambayo haitoki masikioni. Kwetu Kisanga, mahindi yalipoanza kuota ndevu, sauti hiyo ilisikika kabla umande haujakauka, shamba hadi shamba, kama watu wanaosalimiana kwa hasira. Mimi nilikuwa na debe langu juu ya dungu, kile kichanja cha miti anachokalia mlinzi wa shamba, na harufu ya mahindi mabichi na majani ya maboga yaliyopigwa na jua ilipanda mpaka nikasinzia. Ngedere walijua kwamba mlinzi ni mtoto. Nikipiga debe upande wa mto, waliingia upande wa kilima. Walivunja hindi, wakaling'ata mara mbili, wakalitupa na kuvunja jingine. Mkubwa wao alikuwa na tabia ya kunitazama usoni huku akitafuna.

Nilikuwa darasa la nne. Kaka zangu walikuwa wameshaondoka kutafuta maisha, mama alikuwa na mtoto mchanga, na baba alikesha shambani kufukuza nguruwe pori, hivyo mchana ulikuwa wangu. Siku moja mwalimu wetu alikuja kwa baiskeli, akamwambia baba kwa upole kwamba nikikosa wiki tatu nyingine nitarudia darasa. Nilisikia nikiwa nyuma ya jiko. Nilipenda shule kuliko wali. Baba hakubishana na mwalimu. Mwalimu alipoondoka, baba alisema, "Tutatafuta mbwa, Hawa. Siku mbwa atakapoweza kulinda, wewe utavaa sare." Mama akauliza toka ndani, "Mbwa, katika nyumba hii tunamosali?" Baba akajibu, "Wa shamba, mama Hawa. Hapa hata kivuli chake hakitafika."

Kesho yake alinipakia kwenye baiskeli tukashuka tambarare, kwa mama mmoja wa jamii ya wafugaji ambaye kila mtu alimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Nilimshika jogoo miguu njia nzima. Kwetu mbwa hakununuliwa kwa fedha. Ulikwenda na jogoo au chumvi, mwenye mbwa akapokea, na ikaaminika kwamba mbwa huyo ametolewa kwa heri. Nilimpa Yeyo shikamoo, akaitikia marahaba na kuniwekea kiganja kichwani, kikavu, chenye harufu ya moshi na maziwa. Baba alikuwa na haraka ya kuonyesha utaalamu. Wazee wetu walisema mbwa mkali hutambulika kwa kaakaa jeusi, basi akawafungua midomo mbwa vijana wanne, mmoja baada ya mwingine, kama daktari wa meno. Wa nne, dume la kahawia lenye kifua kipana, kaakaa lake lilikuwa jeusi kama sufuria. "Huyu!" baba akasema. Yeyo alitaka kuuliza neno, lakini baba alikuwa ameshaanza kumfunga kamba. Njiani alimpa jina: Mtakoma. Lilikuwa ujumbe kwa ngedere, ingawa jirani yetu alinuna siku mbili akidhani linamhusu yeye.

Mchagua nazi hupata koroma. Mtakoma alikuwa hodari kweli, ila hodari wa mbuzi. Alizaliwa katikati yao na kulala katikati yao, na kwetu hapakuwa na hata mmoja. Siku ya pili mbuzi wa watu walipita barabarani, akakata kamba na kuwafuata, akatembea pembeni mwao kwa heshima zote kama mwalimu wa zamu, mpaka jioni. Siku ya tatu vivyo hivyo. Siku aliyobaki shambani alilala chini ya dungu akitazama bondeni, na ngedere wakavuna juu ya kichwa chake. Jirani, aliyekwisha kuelewa kwamba jina halikuwa lake, alipaza sauti kutoka shambani kwake, "Mtakoma wenu leo anachunga mbuzi wa nani?" Baba alifanya kana kwamba hasikii. Mimi nilihesabu siku kwa vijiti. Wiki mbili zilikwisha, na bado nilikuwa napiga debe.

Tulirudi kwa Yeyo baba akiwa mpole. Mtakoma alipoona mbuzi wake aliwakimbilia bila kutuaga, na Yeyo akacheka mpaka shanga zake za shingoni zikalia. "Ulikuja kuchagua mbwa," alisema, "hukuniambia unavyoishi. Una mbuzi?"

"Sina."

"Mchana shambani kuna nani?"

Baba akanigeukia. "Huyu mtoto."

"Na akienda shule?"

"Hakuna mtu."

Yeyo akanyoosha fimbo yake mbali na boma, kwenye mti wa miiba. Pale palikuwa na mbwa jike mzee, sikio moja limechanika, mdomo umeingia mvi, akitubwekea tangu tulipofika wala hakupumzika. "Yule. Anabwekea ndege, anabwekea upepo. Ndama wangu wanashtuka, ndiyo maana nimemfunga kule. Lakini hatangatangi. Ulipomwacha ndipo utakapomkuta." Baba hakuweza kujizuia, akaenda kumfungua mdomo. Kaakaa lilikuwa la rangi ya pera lililoiva. Akageuka na uso wa msiba. Yeyo akamuuliza, "Kwani ngedere nao watamfungua mdomo?" Nilicheka kwa sauti mbele ya wakubwa, na sikukemewa, kwa sababu baba naye alikuwa anacheka.

Jumatatu iliyofuata tulimwacha yule jike mzee chini ya dungu na bakuli lake la udongo. Mimi nilijificha mpakani na baba, nikiwa tayari nimevaa sare iliyokuwa fupi kidogo. Ngedere mkubwa alishuka. Jani likatikisika, na yule bibi akaanza. Alibweka mbio akizunguka shamba, akasimama, akabwekea mwangwi wake mwenyewe kutoka kilimani, na mwangwi ukambwekea yeye. Kilima kizima kilionekana kujaa mbwa. Ngedere mkubwa aliangusha hindi. Baba akanisukuma begani, "Nenda basi, unangoja nini?" Nilikimbia mpaka shule bila kugeuka, na hata nilipoketi kwenye dawati nilimsikia kwa mbali, nikafurahi kama mtu anayeimbiwa.

Tangu hapo nimehamahama sana: Morogoro, Tunduma, Mtwara, na sasa nina chumba Mikumi, kando ya barabara kuu ya malori. Majuzi mpwa wangu Idi alinionyesha kwenye simu picha ya mbwa mwenye manyoya hadi machoni. "Shangazi, namtaka wa hivi! Huyu ni moto!" Nikamuuliza katika joto hili nani atamvua koti. Idi anasoma bweni, na mama yake anashinda sokoni. Nilimpeleka kwa daktari mmoja wa mifugo anayeokota mbwa na paka waliotelekezwa, tukakaa nao asubuhi nzima bila kumfungua yeyote mdomo. Idi aliondoka na paka jike mnene ambaye hakujisumbua hata kuamka tulipomweka kwenye boksi. Njiani nilimsimulia kwamba zamani kusoma kwangu kulitegemea mbwa. Alicheka mpaka ikabidi aweke boksi chini. "Shangazi, acha kamba! Mtu akose shule kwa ajili ya ngedere?" Nilitaka kuapa kwamba ni kweli, kisha nikamkumbuka baba. Angefurahi kuona mjukuu ambaye jambo hilo kwake ni utani. Nilimwacha acheke, nikabeba boksi mimi.