Kamba Iliyokatika kwa Beji ya Guyo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku ya soko hapa Isiolo, nilikuwa nakula mchuzi mtamu wa nyanya na hasira ikanishika mpaka nikasukuma sahani kando. Kaa nikuambie. Chai iko. Mimi shule niliona mlango tu, lakini hadithi ninazo, na hii nikiitoa bado kifua inawaka.

Unamjua Guyo, mjukuu wangu mkubwa, yule wa jeshi. Yeye ni fundi wa helikopta. Akija likizo namwambia avue shati nimfulie, lakini ukweli nataka tu kuangalia ile beji ya mkono. Ni nzuri, hata wewe ungeipenda. Iko na mwewe amefungua mabawa. Guyo aliniambia wale walioanzisha kikosi chao walichagua mwewe kwa sababu anajua kusimama hewani pahali pamoja akiangalia chini, na helikopta hufanya hivyo hivyo. Zamani kucha zake zilikuwa wazi, kama anataka kuiba kifaranga. Sasa zimeshika kamba, na chini kuna maji ya buluu. Hiyo ilikuja baada ya mafuriko.

Wakati huo kaunti ilikuwa imeshakuja, gavana tuko naye, na bado mto ulitoka kwa njia yake huko chini Biliqo ukazunguka watu na mbuzi zao. Kikosi cha Guyo kikatumwa. Mwanajeshi mwenzao mmoja, kijana wa Rapsu, jina lake Mwenda, alishuka na kamba, akamfunga mama na mtoto wake wakavutwa juu. Zamu yake ilipofika, kamba ikakatika. Maji ikamchukua. Ndiyo maana kwa beji ile kamba haifiki kwa maji. Inaishia katikati, nyuzi zimetawanyika. Mtu akiwaambia imeshonwa vibaya, wanamjibu iko sawa, wacha hivyo.

Sasa sikia mambo ya Halkano, ndugu mdogo wa Guyo. Yeye ni dalali wa ng'ombe, mdomo mrefu kuliko kazi. Akapeleka picha ya ile beji kwa fundi wa cherehani mjini, ashonewe yake kwa jaketi. Fundi kuona kamba fupi akafikiri picha imekatwa, akaimalizia mpaka kwa maji. Halkano akivaa, madalali wengine wanampisha. Nilimwambia avue. Akacheka, "Akko, bibi yangu, ni stailo tu."

Basi siku hiyo ya mchuzi nikasifu nyanya. Nikamuuliza Halkano amenunua wapi. Akasema hanunui, anapewa. Kuna mama wa Rapsu anauza nyanya sokoni, aliona beji akaacha meza yake akamkimbilia, akamshika mkono, akamuuliza kama alimjua mtoto wake Mwenda.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema ndiyo. Akko, alikuwa ameshafurahi, ningesema nini?"

Tangu hapo kila siku ya soko mama anampa nyanya, na yeye anampa hadithi. Mwenda alikuwa anaimba vizuri. Mwenda alikuwa anapenda chapati. Zote za kutunga, na anatuambia akitafuna.

Mwanangu, hapo ndipo nilisukuma sahani. Nyanya ya mama aliyefiwa iko tumboni mwangu. Nilimwita majina ambayo siwezi kurudia mbele yako.

Halafu nikamkumbuka baba yangu. Nilipokuwa msichana, kisima chetu kilikuwa kirefu sana, vijana wanapanga mstari ndani yake, wanapokezana ndoo za ngozi mpaka juu wakiimba. Mtu mmoja akachoma chapa ya ukoo wetu kwa ng'ombe zake, ndiyo zihesabiwe zetu zinywe. Baba akaona kidonda cha chapa bado kibichi. Sisi tukangoja fimbo. Baba akaacha ng'ombe zikanywa, kwa sababu ng'ombe hana kosa. Kisha akamwambia yule mtu, "Hii chapa ni ya watu wanaoteka maji. Shuka." Akashushwa chini kabisa, kwa tope, akatekea ng'ombe za watu wengine mpaka zikaisha. Alipopanda, vidole vilikataa kukunjika.

Kwa hivyo nikafunga shuka yangu, nikamshika Halkano mkono, mwanaume mzima wa ndevu, nikampeleka sokoni na jaketi yake. Nikasimama pale mbele ya nyanya nikamwambia aseme. Alisema, macho chini. Kwamba hakuwa jeshi. Kwamba Mwenda hakumjua.

Yule mama aliendelea kupanga nyanya zake. Kisha akagusa beji kwa kidole.

"Nilijua siku ya kwanza," akasema. "Kamba yako ni nzima. Na Mwenda wangu hakujua kuimba hata kidogo."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa anampa nyanya.

"Shosho, hapa sokoni hakuna mtu mwingine anataja jina lake."

Hasira yangu haikuisha, ilihama tu. Nilijikasirikia mimi na soko lote, tunapita pale na habari yako na nyanya ni ngapi. Halkano alitoa ile beji kwa jaketi hapo hapo, uzi kwa uzi. Siku hizi lori ya Rapsu ikifika yeye ndiye anabeba makreti ya yule mama, na Guyo akija likizo Halkano anampeleka kwa mama huyo, wanaongea juu ya Mwenda wa kweli. Nasikia wanacheka.

Mwanangu, shika hii. Usivae alama kabla hujauliza nani aliumia ndiyo iwe vile ilivyo. Ukishaivaa, beba kazi yake. Umedanganya mahali, rudi mahali hapo hapo useme kwa mdomo wako. Na ukikutana na mama aliyefiwa, mtajie mtoto wake, jina la kweli.

Sasa inua mikono. Mungu akupe ulimi safi, akupe watu wa kushika kamba yako wasichoke, na ukirudi nyumbani unikute nimeweka chai. Amin.