Kondoo Dume wa Nzega

Baba alipofariki, mama alibaki Kwihara na kondoo tisa. Mimi nilikuwa nafundisha Tabora mjini, nikimtembelea kila Jumapili baada ya ibada. Kabla ya mvua nilinunua kondoo dume mnadani Nzega, nikampelekea. Alifurahi mno. Akampapasa mgongo, akamwingiza zizini siku ile ile.

Mvua ilipokolea, zizi likawa tope tupu. Jumapili moja nilimkuta mama kasimama zizini na kitenge chake cha kanisani. Jike mkubwa, ambaye mama alimlea kwa chupa wakati anamuuguza baba, alikuwa anakula majani huku amepiga magoti.

"Nilidhani ni mwiba," mama alisema. "Nimeutafuta, sijauona."

Nilipomwinua mguu, harufu ilinipiga kabla sijaona kitu. Ngozi katikati ya kwato ilikuwa imelainika na kuwa nyeupe, na ukwato mmoja ulishaanza kubanduka. Wengine watatu nao walichechemea.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni, nikaja na afisa mifugo, dada mdogo kwangu kwa umri. Alimwamkia mama shikamoo, akachuchumaa topeni bila kujali viatu.

"Ni bakteria," alisema. "Wapo wanaoishi topeni tu. Ngozi ikilowa siku nyingi, wanapenya. Hao huwafungulia njia wale wanaoozesha kwato, na hao wa pili mara nyingi huletwa na kondoo mgeni. Mmeingiza mgeni hapa?"

"Hakuna," mama alijibu haraka. "Wote wamezaliwa hapa."

Hakunitazama. Nilijua ananisitiri, kama alivyonisitiri kwa baba nilipokuwa mtoto. Niliona aibu zaidi kwa kusitiriwa kuliko kwa kosa lenyewe.

"Yule dume nilimleta mimi," nikasema. "Kutoka mnadani."

Afisa alimkamata, akamgeuza. Kwato zake mbili zilikuwa zimepinda, na ndani ya ufa mmoja kulikuwa na uozo mweusi. Alikuja nao, na mimi sikumwangalia miguu.

"Asiuzwe kwa mtu mwingine," afisa alisema. "Mtamhamishia msiba tu."

Tulimchinja dume. Wagonjwa watatu tuliwatenga, wakachomwa sindano, kundi zima tukalipitisha kwenye maji ya mrututu, dawa ya bluu ya kuoshea kwato, kisha tukahamishia zizi penye changarawe. Lakini kwa jike mkubwa uozo ulikuwa umefika mfupani, ikabidi naye achinjwe. Mama alimshika kichwa mpaka mwisho, akimsemesha Kinyamwezi kwa sauti ya chini.

Jioni alikuwa ananawa mikono. Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Ungejua, usingemleta," alisema. Akaendelea kunawa muda mrefu, ingawa mikono ilishatakata.

Wale watatu walipona kabla ya kiangazi. Mmoja anachechemea kidogo hadi leo.