Rosa Kiden amsaka domodomo wa pili

Saa kumi na moja alfajiri, nje kidogo ya Oraba, mji mdogo wa mpakani, Rosa Kiden amepiga magoti kwenye tope, sikio kwenye kipaza sauti kidogo. Nyaya zake mbili zimezama katika bwawa lisilo na hata kiwimbi.

Tik. Tik-tik. Tik.

"Huyo," ananong'ona. "Iko hai."

Ni domodomo, samaki wa mdomo mrefu anayetafuta njia gizani kwa umeme wa mwili wake. Wa aina hii hajapatikana kwingine, na hata hapa nyavu hutoka tupu huku kipaza sauti kikiendelea kugonga. Inatisha, tuseme ukweli.

Rosa, mwenye miaka 34, mzaliwa wa Koboko, ni fundi wa maabara mjini Arua. Husoma vinasaba ambavyo samaki hurithi kwa mama peke yake, herufi elfu kumi na sita na ushee. Kwa miaka miwili amenasa domodomo mara tatu, akakata kipande cha pezi kama punje ya mchele, akamrudisha majini.

Majibu yote matatu yalifanana, herufi kwa herufi. Wenzake walishangilia, wakidhani ni ndugu watatu. Rosa aliingiwa na shaka.

"Watoto wa mama moja zote zinafanana," anasema. "Lakini samaki moja ukikamata mara tatu, pia inafanana. Pezi inaota tena. Mimi niliona huruma, sikuweka alama. Hiyo kosa inanichoma."

Mwezi ujao bwawa litafukiwa, malori yapate pa kuegesha. Wakubwa wa serikali watalinusuru iwapo tu Rosa atathibitisha samaki wawili, kwa kuwa mmoja hana wa kuzaa naye.

Mara mlio unakatika. Unaanza mwingine, mzito, wa polepole. Huo ukikoma, wa kwanza unarudi. Milio hiyo miwili haisikiki pamoja hata mara moja.

Sule, fundi redio wa Koboko aliyetengeneza kipaza sauti hicho, anarudi nyuma hatua mbili.

"Binti yangu, iko moja tu. Inajijibu yenyewe. Mimi hii maji naogopa."

Rosa naye nywele zimemsimama, wala hafichi. Kesho, anasema, watakuja na vipaza sauti viwili, kimoja kila upande. Milio miwili ikisikika kwa pamoja, bwawa limepona.

Na isiposikika?

Rosa anakunja nyaya taratibu.

"Basi nitakaa na yeye hapa mpaka lori ya kwanza inafika. Sitaki ikufe peke yake."