Bustani Juu ya Zizi

Enzi za Mdachi, reli ilipokuwa bado mpya Dodoma, palikuwa na bustani kando ya bwawa. Jioni Wazungu waliketi humo kupunga upepo, vumbi likitua taratibu juu ya maji. Bustani nzuri, sikatai. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akahamishwa.

Mwenyeji huyo alikuwa Matonya. Kwao palikuwa hapo hapo. Penye mawaridi palikuwa zizi, na ndani ya zizi alizikwa baba yake, kama Wagogo walivyomzika mwenye kaya katikati ya ng'ombe wake. Amri ya kuhama ilipotoka, mama alikwenda Haneti, na ng'ombe wakaenda. Kaburi halihami. Ndiyo maana Matonya alirudi peke yake, akaomba kazi ya kumwagilia maua ya watu waliomfukuza.

Kila asubuhi alichota maji bwawani kwa kibuyu, akaanza na pale alipolala baba. Alimwagia huku akimpa habari kwa sauti ya chini: mvua zimechelewa, mama hajambo, yule ng'ombe mwekundu amezaa. Pengine, maji yakitiririka, alisikia njuga za ng'ombe mlangoni na kunusa samadi mbichi. Akigeuka, anaona mawaridi tu.

Msimamizi wake, Athuman, Mrangi wa Kondoa, alimtania.

"We Matonya, hayo maua unayaposa?"

Matonya alicheka, akaendelea kumwagia.

Basi mawaridi ya pale yakastawi kuliko yote, na Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa boma, akayaona.

"Udongo wa hapa mzuri," alisema. "Ng'oeni maua. Chimbeni shimo la kina cha mtu, nipande mti mkubwa."

Matonya alishika jembe, mikono ikakataa. Alimgeukia Athuman, akasema kwa Kigogo, "Baba yangu yumo humu. Siwezi kumpiga jembe."

"Anasema nini?" aliuliza Bwana Shauri.

Athuman alivijua viboko vya boma, na alijua mwongo hulipwa vingapi. Akamgeukia Bwana Shauri.

"Anasema chini ni mwamba mtupu, Bwana. Jembe litavunjika."

Mzungu akasonya. "Basi wekeni benchi."

Wakaliweka, Matonya mwenyewe akibeba upande mmoja. Baba alikuwa salama, naye alishukuru kweli. Lakini jioni Bwana Shauri na mkewe walipokuja kukaa pale, juu ya kifua cha mzee, hasira ilimpanda. Hata mimi inanipanda nikisimulia.

Alisimama na kibuyu chake, akiwatazama. Kisha akakumbuka kwamba baba yake hakuwahi kumfukuza mtu zizini kwake. Akainama, akamimina maji chini ya benchi.

"Kunywa, baba," alisema kwa Kigogo. "Una wageni."

Wazungu wakainua miguu wasilowe, wakaendelea kutazama bwawa.